Siagi ya kahawia

Siagi ya kahawia (kwa Kifaransa: beurre noisette) ni siagi ya maziwa iliyoyeyushwa na kuendelea kupashwa moto hadi maji yake yaishe na chembe za maziwa zilizomo zigeuke rangi ya kahawia. Mafuta yake huwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na harufu yake hufanana na ya njugu zilizokaangwa. Hutumika kama mchuzi mwepesi wa samaki, mboga na tambi, na pia kama kiungo cha keki na biskuti.

Katika lugha ya wapishi neno hili halitaji aina ya siagi inayouzwa dukani. Linataja hatua ambayo siagi ya kawaida hufikishwa kwa moto. Mtu anayesoma katika maelezo ya keki kwamba anahitaji siagi ya kahawia anatakiwa kuitengeneza mwenyewe jikoni, na lazima aanze na siagi iliyotokana na maziwa. Sharti hilo la pili ni muhimu hasa Afrika Mashariki, ambako watu wengi huita majarini pia kwa jina la siagi.

Jina

Jina la Kifaransa lina maneno mawili. Beurre ni siagi, na noisette ni tunda la mti wa hazeli: njugu ndogo ya mviringo yenye ganda gumu, inayolimwa kwa wingi Uturuki na Italia. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kuionja bila kuiona, kwa kuwa imo katika chokoleti ya kupaka mkate. Hata hivyo hakuna hazeli ndani ya beurre noisette. Jina limetokana na rangi ya siagi hiyo, inayokaribia rangi ya ganda la hazeli, na harufu yake inayokumbusha hazeli zilizokaangwa. Wajerumani husema Nussbutter, yaani "siagi ya njugu", na pia braune Butter, yaani siagi ya kahawia. Waitalia husema burro nocciola, na nocciola ndiyo hazeli.

Neno noisette linahitaji uangalifu kwa sababu jikoni kwa Wafaransa lina kazi nyingine kadhaa. Pommes noisette ni viazi vilivyochongwa kuwa vidonge vidogo. Hapo kinachotajwa ni umbo. Noisette d'agneau ni kipande kidogo cha mviringo cha nyama ya mwanakondoo isiyo na mfupa. Katika mikahawa ya Paris mtu akiagiza noisette analetewa kahawa kali yenye maziwa kidogo, na hapo kinachotajwa ni rangi. Kosa lililo baya zaidi linaweza kutokana na kineno de: beurre de noisette ni hazeli zenyewe zilizosagwa hadi kuwa uji mzito, kama vile siagi ya karanga ilivyo karanga zilizosagwa. Kwa mtu mwenye mzio wa njugu, herufi hizo mbili zinatenganisha chakula salama na chakula cha hatari.

Roux, ule mchanganyiko wa unga wa ngano na siagi unaopikwa ili kufanya mchuzi uwe mzito, nao unahusiana na siagi hii kwa jina. Roux kwa Kifaransa ni rangi kati ya nyekundu na kahawia, na matumizi yake jikoni yametokana na beurre roux, yaani siagi iliyogeuzwa rangi hiyo. Siku hizi roux huitwa hivyo hata ikiwa nyeupe.

Kwa Kiswahili jina "siagi ya kahawia" hufuata rangi na kuacha njugu kando. Wapo wanaopendelea hudhurungi badala ya kahawia. Kwa kuwa neno kahawia lenyewe limetokana na kahawa, ni rahisi kwa msikilizaji kudhani kwamba anaambiwa "siagi ya kahawa". Kinachosemwa ni rangi tu. Tafsiri inayofaa kuepukwa ni "siagi iliyoungua". Kuungua ni kuharibika kwa moto, na siagi iliyofika hapo huwa chungu na imekwisha kupita hatua inayotakiwa. Kiswahili cha jikoni tayari kina namna nzuri ya kusema: vitunguu vya pilau hukaangwa "mpaka vigeuke kahawia", na siagi inaweza kusemwa vivyo hivyo.

Siagi ya maziwa na "siagi" ya kopo

Siagi hupatikana kwa kusuka malai au maziwa mpaka matone ya mafuta yashikane na kujitenga na maji. Utengano huo haukamiliki. Ndani ya siagi hubaki maji, na ndani ya maji hayo hubaki protini na sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka siagi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80, maji yasiyozidi asilimia 16, na chembe kavu za maziwa zisizo mafuta zisizozidi asilimia 2. Marekani nayo inataka mafuta yasiyopungua asilimia 80.

Ile asilimia 2 ndiyo inayoleta kila kitu kinachozungumzwa katika makala hii. Mafuta yakiwa peke yake hayageuki kahawia kwa joto linalotumika hapa, wala hayatoi harufu ya njugu. Zinazogeuka ni zile chembe za maziwa. Katika gramu 250 za siagi hazizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, lakini hutosha kubadili ladha ya siagi yote.

Majarini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea na maji, huku rangi na vitamini vikiongezwa. Imekuwa ya kawaida sana nchini Kenya na Tanzania kiasi kwamba mtu akitumwa dukani "siagi" huenda akarudi na kopo la Blue Band, na hakuna atakayemlaumu: kwa kupaka mkate wa chai, jina hilo limeshazoeleka. Shida hutokea kwenye moto. Majarini ikiwekwa katika sufuria huyeyuka, hutoa povu, hurusha matone ya maji kisha hutulia ikiwa mafuta ya manjano. Isipokuwa zile chache zilizotiwa maziwa, haina protini wala laktosi ya kugeuka rangi. Mpishi anayesubiri rangi ya kahawia ataendelea kusubiri mpaka mafuta yaanze kutoa moshi, na kwa kawaida atajilaumu yeye mwenyewe au atalaumu maelezo. Jibu liko kwenye lebo: orodha ya viungo vya siagi huanza na malai au maziwa, ya majarini huanza na mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese.

Mafuta magumu ya mimea yanayouzwa kwa kukaangia nayo hayafai, kwa sababu hiyohiyo. Hata samli safi haifai kuanzia, ingawa imetokana na maziwa, kwa kuwa chembe zake zimekwisha kuondolewa.

Kinachotokea katika sufuria

Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35 °C. Ikiendelea kupashwa, maji yaliyomo hufika nyuzi 100 na kuanza kuchemka. Huo ndio wakati wa povu jeupe na mlio wa kupasukapasuka. Maadamu maji bado yamo, joto la sufuria haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100, na hakuna rangi itakayotokea hata moto ukiwa mkali. Moto mkali wakati huu hurusha tu matone ya mafuta nje ya sufuria.

Maji yakiisha mlio hupungua, na joto, ambalo halina tena maji ya kulishikilia, huanza kupanda upesi. Kati ya takriban nyuzi 120 na 150 protini na laktosi zilizoshuka chini ya sufuria huungana katika mfululizo wa mabadiliko ya kikemia uitwao mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Louis Camille Maillard (1878–1936), tabibu na mwanakemia Mfaransa aliyeeleza mwaka 1912 kwamba asidi amino zikipashwa moto pamoja na sukari hutoa rangi ya kahawia. Mwaka 1953 Mmarekani John E. Hodge alipanga hatua zake kwa namna ambayo bado inafundishwa. Mmenyuko huo huzalisha aina nyingi za molekuli zenye harufu, nazo huyeyuka ndani ya mafuta. Ndiyo maana mafuta yenyewe hupata ladha hata yakichujwa.

Mara nyingi husemwa kwamba siagi "imefanywa karameli". Si sahihi sana. Karameli ni sukari iliyopashwa moto peke yake, na laktosi huhitaji joto kubwa kuliko hili ili ifike hapo. Jambo linalofanana zaidi na siagi ya kahawia, kwa msomaji wa Kiswahili, ni ukoko wa wali. Wali hauwezi kufanya ukoko wakati maji yangali yanachemka. Mchele wa chini hugeuka kahawia baada ya maji kukauka, hutoa harufu nzuri ambayo wali wa juu hauna, na ukiachwa kidogo zaidi huungua na kuharibu sufuria nzima. Ganda la mkate, madoa ya chapati, karanga za kukaanga na kahawa ya kuchoma vyote hupata sehemu kubwa ya rangi na harufu kwa mmenyuko huohuo.

Namna ya kutengeneza

Sufuria ya aluminiamu inayong'aa, ya kawaida kabisa, ni chombo kizuri kwa kazi hii kwa sababu chini yake ni peupe na mabadiliko ya rangi huonekana. Kikaango cheusi humnyima mpishi macho yake. Siagi hukatwa vipande vya ukubwa unaolingana ili iyeyuke pamoja, huwekwa kwenye moto wa wastani na kukorogwa mara kwa mara huku chini ya sufuria pakikwanguliwa. Sufuria isijae, maana povu hupanda.

Kazi nzima huchukua dakika 5 hadi 10 kwa robo kilo, kutegemea moto, lakini saa si mwongozo mzuri. Masikio ni bora. Kwanza huja mlio mkubwa wa maji yanayochemka. Kisha mlio hufifia na karibu kunyamaza. Kimya hicho ni onyo: kuanzia hapo sufuria haiachwi hata kidogo. Povu la pili hupanda, laini na dogo kuliko la kwanza, na mara nyingi huficha kilicho chini, hivyo hubidi kulisukuma kando kwa kijiko ili kuona. Chembe zilizokuwa nyeupe huwa za dhahabu, kisha za kahawia, na harufu hubadilika kutoka ya maziwa kuwa ya njugu. Kutoka dhahabu hadi kahawia ni muda mfupi, na kutoka kahawia hadi kuungua ni mfupi zaidi.

Siagi ikifika rangi inayotakiwa huhamishwa mara moja kwenye bakuli baridi pamoja na mashapo yake. Kuzima moto peke yake hakutoshi, kwa kuwa sufuria nene huendelea kupika kwa joto lake yenyewe. Kwenye jiko la mkaa tahadhari hii ni kubwa zaidi: makaa hayapunguzwi kwa kugeuza kitasa, basi sufuria ndiyo inayoinuliwa. Wapishi wengi hukamulia limau au ndimu humo. Maji ya tunda hupoza siagi ghafla, na uchachu wake hukata uzito wa mafuta. Kimiminika chochote kikimwagwa kwenye mafuta ya joto hilo huchemka kwa kishindo, kwa hiyo hutiwa kidogo kidogo, na uso ukiwa mbali.

Siagi isiyo na chumvi hupendelewa. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, hivyo maji yakiisha hubaki chini pamoja na mashapo, na mashapo hayo huweza kuwa na chumvi kupita kiasi.

Anayetaka ladha kali zaidi anaweza kuongeza unga wa maziwa katika siagi iliyoyeyuka. Unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta una takriban theluthi moja ya protini na nusu ya laktosi, yaani vitu vilevile vinavyogeuka rangi. Kijiko kimoja cha mezani huzidi chembe zote zilizomo kwa asili katika robo kilo ya siagi. Unga huu hugeuka rangi haraka, na asiyekoroga bila kusimama huishia na vidonge vilivyoungua nje na vyeupe ndani.

Tofauti na samli na siagi nyingine

Siagi ya kahawia huchanganywa kwa urahisi na vitu vitatu vinavyotokana na siagi ileile.

Siagi iliyochujwa ni siagi iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, ikaachwa itulie, kisha povu la juu likaenguliwa na mafuta safi yakamiminwa bila mashapo. Chembe zake hazikupewa nafasi ya kugeuka rangi, kwa hiyo ladha yake ni nyepesi. Faida yake ni kustahimili moto: siagi ya kawaida huanza kutoa moshi kwenye takriban nyuzi 150 hadi 175 °C, ilhali iliyochujwa hupita nyuzi 200.

Samli ni jamaa wa karibu zaidi, na hapa mpaka hauko wazi kama vitabu vingi vya upishi vinavyodai. Neno limetokana na Kiarabu samn, na samli ya ng'ombe imekuwa sehemu ya jikoni za pwani, Oman na Bara Hindi kwa karne nyingi. Anayepika samli huchemsha siagi mpaka maji yaishe, na wapishi wengi wa Kihindi huendelea hadi mashapo yawe ya dhahabu au kahawia kabla ya kuchuja. Samli ya namna hiyo kwa kweli ni siagi ya kahawia iliyochujwa. Tofauti iko katika lengo: mpika samli anataka mafuta yanayodumu miezi mingi bila friji, kwa hiyo huondoa mashapo, mpika siagi ya kahawia anataka ladha ya leo, kwa hiyo huyahifadhi mashapo. Hata hivyo watu wanaopika samli nyumbani hawakuyadharau mashapo hayo. Misri huitwa morta na huliwa kwa mkate, na katika nyumba nyingi za India watoto hupewa yakiwa yamechanganywa na sukari. Ethiopia siagi hupikwa pamoja na viungo kama iliki ya kienyeji, kitunguu saumu na tangawizi kisha huchujwa. Hiyo ndiyo niter kibbeh, ambayo ladha yake hutoka kwenye viungo kuliko kwenye chembe za maziwa.

Kwa sababu hizi haifai kutafsiri beurre noisette kwa neno samli. Ni kweli kwamba samli iliyopikwa hadi kukolea inaweza kuokoa mchuzi wa samaki pale siagi inapokosekana, lakini katika keki huleta mafuta matupu bila zile chembe.

Siagi nyeusi (beurre noir) ni hatua inayofuata baada ya kahawia. Licha ya jina, haitakiwi kuwa nyeusi. Ni kahawia iliyokolea sana, na hutiwa siki na kapari, yaani vitumba vya maua vilivyohifadhiwa katika siki au chumvi. Wafaransa huimwaga juu ya samaki wa jamii ya taa, ubongo wa ndama na mayai. Uchachu wa siki ndio unaofanya uchungu wake uvumilike. Siagi iliyokuwa nyeusi kweli imeungua na hutupwa.

Mtu anayepanga majina haya kwa rangi anaweza kudhani kwamba beurre blanc, "siagi nyeupe", ndiyo hatua ya kwanza ya safari hiyohiyo. Sivyo. Beurre blanc ni mchuzi wa bonde la mto Loire, unaotengenezwa kwa kupiga vipande vya siagi baridi ndani ya divai au siki iliyochemshwa na vitunguu vidogo mpaka upungue, na siagi yake haitakiwi kupata moto wa kutenganisha mafuta na maji.

Matumizi

Chakula kinachojulikana zaidi kwa siagi hii ni samaki wa meunière. Meunière ni mke wa msaga nafaka, na jina linatokana na unga: samaki, kwa kawaida samaki bapa aitwaye sole, hupakwa unga wa ngano, hukaangwa kwa siagi, kisha humwagiwa siagi mpya iliyogeuzwa kahawia, maji ya limau na majani ya pasli, yanayofanana na kotmiri. Mwandishi Mmarekani wa vitabu vya upishi Julia Child alisimulia kwamba sole meunière aliyoila Rouen mwaka 1948, siku ya kwanza kufika Ufaransa, ndiyo iliyomwingiza katika upishi wa nchi hiyo. Ikiongezwa lozi zilizokatwa vipande vyembamba, chakula huitwa amandine.

Kaskazini mwa Italia siagi hupashwa pamoja na majani ya salvia mpaka majani yawe makavu na siagi iwe ya rangi ya njugu, kisha humwagwa juu ya tambi zilizojazwa. Tambi za Mantova zilizojazwa boga hupewa siagi ya namna hiyo, na utamu wa boga hukaa vizuri na chumvi ya jibini. Katika upishi wa Kifaransa, chakula kinachoitwa à la polonaise, "cha Kipolandi", ni mboga kama koliflawa au asparaga iliyonyunyiziwa mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa na makombo ya mkate yaliyokaangwa katika siagi ya kahawia. Uturuki siagi ya moto yenye pilipili nyekundu humwagwa juu ya manti, vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama, vilivyofunikwa kwa mtindi.

Majina ya Kifaransa ya siagi hizi yameenea katika hoteli za nchi nyingi kwa sababu mafunzo ya upishi wa hoteli yalifuata kwa muda mrefu utaratibu wa Kifaransa, hasa ule wa Auguste Escoffier (1846–1935), aliyechapisha Le Guide culinaire mwaka 1903. Ndiyo maana mpishi wa hoteli mjini Mombasa au Dar es Salaam anaweza kulijua neno noisette kabla ya kukutana na neno lake la Kiswahili.

Katika keki na biskuti

Keki ndogo ya Kifaransa iitwayo financier haiwezi kutengenezwa bila siagi ya kahawia. Viungo vyake ni lozi zilizosagwa, weupe wa mayai, sukari, unga kidogo na siagi hiyo. Kwa kawaida hupikwa katika vikopo vya mstatili vinavyoifanya ifanane na mche wa dhahabu, na inasimuliwa kwamba jina, lenye maana ya mtu wa fedha, lilitokana na wateja wa soko la hisa la Paris. Madeleine na biskuti zenye vipande vya chokoleti pia hutengenezwa mara nyingi kwa siagi hii.

Hapa maana ya neno huwa na matokeo ya kupimika. Siagi ikigeuzwa kahawia hupoteza maji yake. Gramu 200 za siagi yenye maji asilimia 16 hupoteza gramu 32, karibu vijiko viwili vya mezani, na hubaki takriban gramu 168. Maelezo yanayosema "gramu 200 za siagi, igeuzwe kahawia" yanataka ipimwe kabla ya moto. Maelezo yanayosema "gramu 200 za siagi ya kahawia" yanataka ipimwe baada ya moto, na mpishi atahitaji kuanza na takriban gramu 240. Waandishi wa vitabu vya upishi hawawi waangalifu sikuzote katika jambo hili, na ni heri kuangalia kama unga unaonekana mkavu kuliko ulivyotarajiwa.

Mtu anayebadilisha maelezo ya kawaida na kutumia siagi ya kahawia badala ya siagi ya kawaida anaweza kurudisha maji yaliyopotea kwa kuongeza maji au maziwa kwa kiasi hichohicho. Asiporudisha, keki huwa nzito na kavu kidogo. Biskuti hustahimili zaidi, na wengine hupenda zikiwa hivyo. Ikiwa kazi inaanza kwa kupiga siagi na sukari mpaka iwe nyepesi, siagi ya kahawia lazima ipozwe hadi igande tena, kwani mafuta yaliyo majimaji hayashiki hewa. Katika joto la pwani hilo halitokei mezani, hivyo bakuli huwekwa katika friji na kukorogwa kila baada ya dakika chache ili mashapo yasibaki yote chini.

Kuhifadhi na afya

Siagi ya kahawia yenye mashapo huwekwa katika chombo chenye kifuniko ndani ya friji, na hugandishwa pia kwa matumizi ya baadaye. Iliyochujwa vizuri hudumu zaidi, kama samli.

Kupikwa hakuondoi protini za maziwa. Mashapo ya kahawia ni protini hizo zilizobadilika rangi, hivyo mtu mwenye mzio wa maziwa hapaswi kuila, na hata siagi iliyochujwa inaweza kubaki na kiasi kidogo chake. Mafuta yaliyoshiba hufikia karibu nusu ya uzito wa siagi ya kawaida, na sehemu hiyo huongezeka maji yanapopungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Kama mchuzi, kijiko kimoja au viwili kwa kila sahani kwa kawaida hutosha, kwa kuwa ladha yake imekolea.